Sifuri kwenye Dodoso la 147

Jijini, 3 Julai 2018

Mama Mkubwa Kasmirah,

Shikamoo. Ni mimi Wening. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: simu yako ilitumbukia kwenye mtaro wa vitunguu tangu mwezi wa tano. Ya pili ni kwamba hapa ofisini ujumbe wa simu hausafiri peke yake. Mwezi uliopita fundi wa kompyuta alimwonyesha mkuu wa kituo maneno ambayo karani mwenzangu alimwandikia mchumba wake, na karani yule sasa anauza vifuniko vya simu sokoni. Barua angalau ina gundi.

Mkataba wangu unakwisha tarehe 30 Septemba, kwa hiyo siku hizi natembea kwa ncha za vidole. Kazi yenyewe ni kuingiza majibu ya wakulima kwenye kompyuta. Kituo chetu kinatafiti gharama za kulima vitunguu vidogo vyekundu katika wilaya ya nyumbani, familia 212. Anayelipia utafiti ni kampuni ya Umbi Lestari, hao hao wanaonunua vitunguu vya ushirika wenu. Gharama tutakayoitoa ndiyo itakayopelekwa kwenye kamati ya wilaya mwezi wa tisa kupanga bei ya chini ya msimu. Tukisema kilo moja inamgharimu mkulima rupia elfu tisa, kampuni haitalazimika kulipa zaidi ya hizo elfu tisa na faida kidogo juu yake.

Jana, nikipitia upya madodoso yaliyokwisha kuingizwa, nilifika la 147. Majina yamefichwa, lakini namjua mkulima mmoja tu wa Karangsempu mwenye robo hekta, bata ishirini na sita, na ambaye akiulizwa elimu yake hujibu, "Nimefika darasa la nne, ila la tatu nililisoma mara mbili." Ni Baba Mkubwa. Swali la 31 linauliza kazi ya mke shambani. Jibu lake: "Anasaidia tu." Chini yake mhojaji ameongeza kwa kalamu: "Mke mwenyewe amekubali. Amesema, ndiyo, namsaidia tu."

Kwa mwongozo wetu jibu hilo huingizwa kama sifuri. Saa sifuri, rupia sifuri. Nikatazama na mengine yote. Wake 198 kati ya 212 wamejibu hivyo.

Mama Mkubwa, nimekaa kwako miaka sita. Nakumbuka ukirudi kutoka shambani jua limeshapanda, magoti yamejaa tope, na kiunoni ule mfuko wa mayai ya viwavi uliyoyachuma kwenye majani ya vitunguu. Kwa nini ulisema unasaidia tu?

Tafadhali usimwonyeshe mtu barua hii. Nilitia saini kwamba sitatoa siri za madodoso. Sina hakika kama kumwambia mtu jibu lake mwenyewe ni kutoa siri, lakini sitaki kuwa wa kwanza kuuliza.

Mwanao,
Wening Prastiwi


Karangsempu, 9 Julai 2018

Wening mwanangu,

Marahaba. Hiyo "usimwonyeshe mtu" ilikufa mlangoni. Baba yako Mkubwa ndiye aliyeipokea barua, akaanza kuisoma kabla sijakausha mikono. Usitetemeke. Hasomi haraka. Alipofika kwenye bata nikamnyang'anya, akabaki analalamika kwamba wako ishirini na wanane.

Unauliza kwa nini nilisema hivyo. Hebu fikiria wewe. Mgeni kaja na shati lake jeupe, kaketi mkekani, nimempa chai ya birika la udongo na yai la bata la chumvi. Mume wangu yuko pale anavuta sigara yake ya karafuu. Mgeni anauliza, "Na mama je, anafanya kazi shambani?" Nijibu nini? "Bila mimi huyu mzee angekuwa anauza nyasi"? Ndivyo tulivyolelewa? Mwanamke wa huku ukimsifia mchuzi anakwambia chumvi imezidi. Ukimsifia mtoto anakwambia huyu mtukutu. Ukimuuliza kazi anasema nasaidia tu. Hata yule mhojaji, akamuulize mama yake, atasikia hivyo hivyo! Ile ilikuwa adabu, Wening. Nani kawaambia adabu yetu waitie kwenye hesabu?

Jana tulikuwa wanane kwa Turinah, tunakata majani ya vitunguu alivyovuna. Nikawauliza, bila kutaja jina lako. Wote walihojiwa, wote walijibu hivyo hivyo. Turinah kacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi: "Kumbe miaka yote hii huwa naenda shambani kupunga upepo!" Mwingine akasema, "Mgongo wangu ndio haujapata habari." Saniyem peke yake hakucheka. Unamjua, bei ya mwaka jana ndiyo iliyomfanya akodishe shamba lake miaka mitano. Akasema, "Aliyeniandikia sifuri, mkono wake uote majipu." Tukaitikia amina. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Nani kaandika, mwanangu? Nipe jina. Nitamtumia mayai ya bata, yale yaliyosahaulika kwenye majivu tangu Idi.

Maana nasi, nikuambie ukweli, tumebaki hapo hapo alipokuwa Saniyem. Bei ikiwa ile ile, nitauza vitunguu vikiwa bado ardhini kwa dalali, kwa bei atakayoitaja yeye, tulipe mbegu na dawa. Na mwakani robo hekta hii italimwa na mtu mwingine.

Mama yako Mkubwa,
Kasmirah


Jijini, 17 Julai 2018

Mama Mkubwa,

Jina uliloliomba ni langu.

Sifuri zote 198 nimeziingiza mimi. Hakuna karani mwingine. Nilibonyeza kitufe kile kile, na siku nilipomaliza mapema kuliko ilivyopangwa nilisifiwa mbele ya wenzangu, nami nikafurahi. Kama utaniletea yale mayai nitayapokea. Mkono haujaota jipu bado. Nauangalia kila asubuhi.

Lakini soma mpaka mwisho, tafadhali, hata kama umekasirika.

Baada ya barua yako nilirudi kwenye dodoso la 147, nikasoma ukurasa wa sita, wa vibarua wa kulipwa. Mwezi wa pili uliniandikia kwamba una mafua. Ukurasa wa sita unasema siku tisa za homa ya dengi, na kwamba siku hizo Baba Mkubwa alimwajiri mwanamke kuchuma viwavi kwa rupia elfu hamsini kila asubuhi. Jumla laki nne na nusu. Hizo zimeingia kwenye gharama za shamba. Niliziingiza kwa mkono huu huu, bila kusita, kwa sababu pesa zilitoka na mwongozo unazikubali.

Kwa hiyo katika hesabu yetu, asubuhi ukiinama wewe ni bure, na asubuhi akiinama mwingine mahali pako ni elfu hamsini. Shamba lako lina gharama pale tu ambapo wewe haupo.

Nilitafuta mengine. Madodoso thelathini na moja yana kitu kama hicho: mke aliugua, mke alijifungua, mke alikwenda kumuuguza mama yake. Kila mara kuna mtu aliyelipwa, na malipo karibu yanalingana. Bei ya kazi yenu ilikuwemo kwenye takwimu muda wote, Mama Mkubwa. Ilikuwa imekaa kwenye siku zenu za kuumwa.

Nikapiga hesabu. Siku nimezichukua kwenye kalenda ya shamba, ambayo ni sehemu ya dodoso lenyewe: asubuhi arobaini na tano za viwavi, sita za kuchagua mbegu, siku kumi na mbili za kukata na kufunga mafungu. Sitini na tatu, mara elfu hamsini, kwa mavuno ya tani mbili na nusu. Ni rupia 1,260 kwa kila kilo. Ripoti inasema kilo inagharimu 9,150. Inapaswa kusema 10,410. Sikutia saa zenu za kuwapikia vibarua, nisije nikaonekana natafuta makuu.

Nilimpelekea Daktari Harimurti, mkuu wetu, jedwali la ukurasa mmoja. Alilisoma lote, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema, "Wening, gharama ni kile kilichotoka mfukoni. Mapenzi hayana risiti." Akatabasamu, akanipa karatasi nimtolee nakala. Nikasema, "Ndiyo, Daktari." Nilisema ndiyo mara tatu. Nilihesabu.

Sasa kuna hati ya uhakiki. Mwingiza takwimu anatia saini kwamba takwimu ni kamili na sahihi. Mwisho ni tarehe 20 Agosti. Nikitia, mkataba utaendelea. Nisipotia, sijui. Naogopa, mpaka ngazi za ofisi nazipanda nimeshika ukuta.

Niambie nitie saini, Mama Mkubwa. Ukiniambia wewe, nitaweza.

Wening


Karangsempu, 26 Julai 2018

Wening,

Nimekaa siku tano bila kukujibu. Zote nilikuwa nakasirika, na siku mbili za kwanza nilikuwa nakukasirikia wewe.

Siku ya tatu nikakumbuka kwamba jibu lilitoka kinywani mwangu kabla halijafika kidoleni mwako. Basi ile amina sitaifuta, maana si vizuri kumchezea Mungu, ila nimemwomba aicheleweshe. Ya dengi nilikuficha kwa sababu ulikuwa na mtihani wa mwisho wa chuo. Ungekuja mbio, ungefeli, halafu ningekuuguza mimi.

Huyo Daktari wako anasema mapenzi hayana risiti. Muulize kama kiwavi anajua mapenzi. Kiwavi akiachwa asubuhi mbili anamaliza tuta zima, na hajali aliyemwacha ni mke au kibarua. Mimi nampenda mume wangu, miaka thelathini na moja sasa. Ningekuwa nachuma mayai ya viwavi kwa mapenzi, ningechuma ya kwake tu, si ya vitunguu vya kampuni.

Nimemsomea Baba yako Mkubwa ukurasa wako wa hesabu. Akaenda kuhesabu bata. Aliporudi akasema, "Ile laki nne na nusu niliilipa nikiona uchungu." Nikamwambia, "Na mimi je, huwa unanionea uchungu?" Akarudi kwa bata.

Sasa la saini. Sikuambii tia, sikuambii usitie. Mimi si mkataba wako na sikulipii chumba. Nakukumbusha jambo moja tu. Ulipokuja kwangu ulikuwa na miaka tisa, na ulikuwa unaogopa viwavi. Nilikupa tuta lako. Ulikuwa unachuma huku unalia, kamasi mpaka kidevuni, na Turinah akikutania kwamba unamwagilia. Nilipopita nyuma yako kukagua, sikukuta jani hata moja uliloruka. Wewe hujawahi kuwa shujaa, mwanangu. Lakini woga wako haukuwahi kukufanya uruke jani.

Tumesikia ripoti itasomwa mbele ya kamati kwenye ukumbi wa wilaya, tarehe 12 Septemba. Mwaliko umetaja "wakulima", na mwenyekiti wa ushirika kautafsiri kuwa ni waume. Waume siku hiyo watakuwa na shughuli. Tumekwisha kuwapangia.

Kasmirah


KITUO CHA UTAFITI WA UCHUMI NA UHASIBU WA KILIMO
Ofisi ya Mkuu wa Kituo
14 Septemba 2018

Kwa: Bi. Wening Prastiwi, Karani wa Takwimu

YAH: UTOVU WA NIDHAMU

Rejea kichwa cha barua hapo juu.

Hadi tarehe 20 Agosti ulikuwa hujatia saini hati ya uhakiki, licha ya kukumbushwa mara tatu. Kila ulipokumbushwa ulijibu, "Ndiyo, Daktari," na hukufanya lolote.

Tarehe 12 Septemba, katika ukumbi wa wilaya, jukumu lako lilikuwa moja: kubadilisha picha kwenye skrini kwa ishara yangu. Mmoja wa wanawake wapatao arobaini waliokuwa wamesimama nyuma, ambao hawakuwa kwenye orodha ya wageni, aliuliza kama malipo ya mwanamke aliyechuma viwavi wakati yeye anaumwa yamo kwenye gharama. Nilimjibu kuwa yamo. Akauliza kama ya kwake alipopona nayo yamo. Nilieleza kuwa swali hilo liko nje ya mipaka ya utafiti.

Hapo wewe, bila ishara yangu, ulionyesha jedwali lisilo sehemu ya ripoti. Niliagiza uendelee mbele. Jedwali lilibaki kwenye skrini dakika kumi na moja. Mwenyekiti wa kamati alipouliza lilitoka wapi, ulisimama na kulisoma safu kwa safu, kwa sauti iliyotetemeka lakini iliyosikika mpaka mlangoni. Utulivu wa ukumbi ulivurugika. Kamati imeahirisha kupanga bei na kuagiza wake wa wakulima wahojiwe upya na watu wasiotoka kituoni kwetu. Mfadhili ameeleza masikitiko yake kwa maandishi.

Unatakiwa kutia saini tamko lililoambatanishwa, linaloeleza kuwa jedwali hilo lilikuwa kosa la kikokotoo la karani asiye na uzoefu, na kulirejesha kabla ya tarehe 21 Septemba. Ukifanya hivyo, mkataba wako utafikiriwa.

Dk. Harimurti Wibisana
Mkuu wa Kituo


Jijini, 20 Septemba 2018

Kwa Daktari Harimurti Wibisana,

Naandika kwa mkono ili uone kuwa unatetemeka. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba nilifanya haya kwa kiburi.

Tamko nalirudisha bila saini. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta namna ya kulikubali, kwa sababu kodi ya chumba changu ni ya tarehe mosi na sina kazi nyingine. Sikuipata. Jedwali halina kosa la kikokotoo. Nimelipiga mara sita, mara mbili kwa kalamu. Kama lina kosa, naomba nionyeshwe safu yake, nami nitaomba radhi siku hiyo hiyo, mbele ya ukumbi ule ule.

Wewe ndiye uliyetufundisha, mwaka wa kwanza chuoni, kwamba hesabu nzuri humtambua hata mtu asiyekuwepo chumbani. Nililiandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Nadhani ulimaanisha.

Unasema nilijibu "Ndiyo, Daktari" na sikufanya lolote. Ni kweli. Nililelewa nyumba ambayo mtu hamjibu mkubwa "hapana" usoni. Wanawake wale 198 nao walilelewa nyumba kama hizo, na sisi tukayaandika majibu yao kana kwamba adabu ni uvivu. Basi leo najifunza kuandika: hapana, Daktari. Sitatia saini.

Kosa moja ninalo, nalo si lile lililo kwenye tamko. Niliandika sifuri mara 198, kwa haraka, na nikasifiwa. Kwa hilo nimewaandikia wahusika kuomba radhi kupitia ushirika wao, bila kutaja jina wala jibu la mtu yeyote. Nakala ipo kwenye bahasha hii.

Ufunguo wa kabati la madodoso nimemkabidhi mlinzi, naye ametia saini. Kikombe cha bluu ni changu lakini kina ufa. Atakayekuja baada yangu anaweza kukitumia kuwekea kalamu.

Kwa heshima,
Wening Prastiwi


Karangsempu, 11 Oktoba 2018

Wening mwanangu,

Barua yako ya kuomba radhi ilisomwa kwenye ushirika. Saniyem alitaka isomwe mara mbili. Kisha akanivuta pembeni: "Huyu ndiye aliyetetemeka kule ukumbini?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mwambie yale majipu nimeyaondoa. Kama yamebaki, apake manjano."

Dalali alikuja juzi na pesa kwenye mfuko wa nailoni. Vitunguu vina siku hamsini na mbili, majani yameanza kulala, ndio wakati wake. Akasema, "Mama, bei ya kamati hamna anayeijua, mimi nina taslimu." Nikamwambia, "Kaa nazo. Zina joto, zitakusaidia msimu wa mvua." Akamgeukia Baba yako Mkubwa, wakazungumze kiume. Baba yako Mkubwa akasema hawezi kuuza kitu ambacho hajui kilimgharimu nani kiasi gani. Sikuamini masikio yangu. Ilibidi nigeukie jikoni, nisionekane uso. Kwa hiyo bado vipo ardhini, na ni vyetu. Bei haijatoka. Huenda ikatoka mbaya. Tutaingoja tukiwa tumesimama.

Jana wahojaji wapya walifika kwetu. Safari hii ni msichana, mdogo kuliko wewe. Nikampa chai, nikampa yai. Mzee alikuwa pale pale na sigara yake. Msichana akafungua makaratasi, akaniuliza mimi kwanza: "Mama, kazi yako shambani ni ipi?"

Unajua ile "nasaidia tu" ilikuja yenyewe mpaka kwenye meno? Miaka hamsini na mitatu ya adabu si mchezo. Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Mimi ni mkulima. Andika. Muda wa saa tano kila asubuhi, siku arobaini na tano, viwavi. Nikimaliza nitakutajia nyingine." Na sauti yangu ilitetemeka kama ya kwako, basi ujue umeitoa wapi.

Akaandika ukurasa mzima, akaugeuza. Halafu akamgeukia mzee. "Na wewe, baba, kazi yako?"

Baba yako Mkubwa akaniangalia mimi, akaiangalia ile kalamu, akakung'uta majivu. "Mimi?" akasema. "Mimi namsaidia tu."

Tulicheka mpaka bata wakapiga kelele. Yule msichana hakucheka. Alingoja tunyamaze, kalamu iko juu ya karatasi, akamuuliza, "Unamsaidia saa ngapi kwa siku, baba?"

Tunavuna wiki ijayo. Tuta lako la pembeni bado hatujampa mtu. Njoo, na huo mkono wako uje nao.

Mama yako Mkubwa,
Kasmirah, mkulima